Mbu wa Doha

Ijumaa, 2 Oktoba 2015

Naanza kuandika kwa sababu Kawira amechoka kunisikiliza. Tunaishi naye nyumba moja hapa Al Thumama na tunafanya kazi ofisi moja, kwa hiyo maskini hana pa kukimbilia. Jana aliniambia, "Jebet, nunua daftari ulalamikie huko." Haya, nimenunua.

Ofisi yetu inasoma utabiri wa hewa wa miezi ijayo, siyo wa kesho na kesho kutwa, kisha inajaribu kukisia ni magonjwa gani yatafuata. Kukitarajiwa vumbi jingi, tunaziambia kliniki ziweke dawa za pumu. Kukitarajiwa joto lenye unyevu, tunaziambia zijiandae kwa watu wa kuanguka juani. Na kwa kuwa mji huu umejaa watu wa mbali, tunatazama na mvua ya kwao, maana mtu akirudi kutoka likizo harudi na begi tu. Kawira ndiye wa hesabu. Mimi ni nesi, na kazi yangu ni kuzigeuza hesabu zake ziwe maneno ambayo daktari anaweza kuyasoma akiwa amesimama.

Wiki hii hesabu zinasema El Nino. Huko kwetu Nandi mvua ya mwisho wa mwaka huenda ikawa kubwa, baridi ya milimani itapungua, na mbu watapanda mpaka walikokuwa hawafiki. Kawira ameandika "uwezekano mkubwa wa malaria ya mlipuko, Desemba hadi Februari." Niliyasoma maneno hayo, nikatoka nje, nikakaa pale penye kivuli cha jenereta.

Baba alikufa mwaka wa tisini na nane, baada ya El Nino ile nyingine. Watu wa milimani hatukuwa na habari ya malaria. Tulidhani ni kichomi. Athanas, mdogo wangu, alikuwa wa miaka minne, hakumbuki kitu. Na Athanas, ambaye naye anafanya kazi hapa Doha, anakwenda nyumbani Desemba kwa ajili ya koito yake, siku wazee wa kwetu na wa kina Cherotich watakapokaa kupatana mahari na kumpa binti wao.

Jumatatu, 5 Oktoba

Joto. Unyevu. Nguo haikauki wala haitoki mwilini.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa. Baada ya misa Wakenya tulisimama upande wa maegesho kama kawaida, kila mtu akiuliza mwenzake anaenda lini. Nikajitoa kimasomaso, nikawaambia habari ya El Nino. Nikawaeleza kwamba mtu aliyekaa hapa miaka minne bila kuumwa na mbu, mwili wake umesahau, na akirudi nyumbani malaria itamkuta kama mtalii. Niliwaambia wanywe dawa ya kinga kabla ya kupanda ndege.

Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Reuben, anayelala chumba kimoja na Athanas kule Al Rayyan na wote wawili ni walinzi kwenye duka moja kubwa, alisema kwao Kakamega malaria ni mafua tu. Athanas mwenyewe akanishika bega mbele ya watu akasema, "Mmesikia daktari wa mawingu?" Jina limeshika. Hata mpishi Mganda ameondoka akiniita hivyo.

Nilikasirika mpaka nikasahau kumpa chapati nilizomletea. Nimezila mimi na Kawira.

Jumapili, 18 Oktoba

Vumbi. Kazi ya kawaida.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mama amepiga simu. Kwetu ni jua tupu, majani chai yanakunjamana, na redioni serikali imewaonya watu juu ya El Nino mpaka wamechoka kungoja. Mama anauliza mvua yangu iko wapi. Yangu! Tayari Athanas amempelekea lile jina.

Nilimuuliza Kawira kama tumekosea. Kawira hajawahi kunipa jibu la haraka. Alisema uwezekano si ahadi, na kwamba huenda mvua ikawa ya wastani na malaria ikaja hata hivyo, kwa sababu joto la usiku milimani limepanda. Nikamwambia hilo siwezi kuliandika kwenye tangazo, watu watasema tunajitetea kabla ya kesi. Akasema liandike. Nimeliandika.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua imeanza Nandi. Mama amefurahi. Mimi sijui nihisi nini.

Jumatano, 25 Novemba

Leo mvua imepiga Doha. Mvua ya kweli, si ile ya kunyunyiza. Barabara ya mbele ya nyumba yetu imejaa maji mpaka magari yamezima katikati, na majirani wametoka kupiga picha. Athanas amenipigia akiwa kazini, amelowa suruali, anacheka hadi anakosa pumzi. "Sista, El Nino yako imepotea njia. Imeshukia huku."

Nami nikacheka. Ilikuwa haiwezekani kutocheka. Tukazungumza muda mrefu, akaniambia anavyoogopa siku ya koito, kwamba wajomba wa Cherotich watamuuliza maswali naye Kinandi chake kimelegea. Nikamwambia ajibu polepole, watadhani ni hekima. Kisha akasema sawa, atakunywa dawa zangu, ila tu nisitaje tena mbu mpaka asafiri. Tumekubaliana. Nilikuwa na furaha kwelikweli.

Ijumaa, 4 Desemba

Siku nzima tumefunga begi. Anayetoka Uarabuni hafiki mikono mitupu, na hakuna asiyelijua begi lile: litafunguliwa sebuleni, wote wakiwepo, Mama akiwa ameketi upande wa zipu. Kinachotoka ndani ni cha nyumba. Mimi mwenyewe mara ya mwisho nilirudi Doha na nguo nilizovaa tu, hata kitana kilichukuliwa, na sikuona vibaya. Ndivyo tunavyorudi.

Basi tumeweka sabuni, mafuta ya kujipaka, shuka, tende, viatu vya Mama, blanketi zito la maua, na nguo za watoto wa nyumba ya pili. Suti ya koito ameibeba mkononi pamoja na zawadi ya Cherotich. Mkoba mdogo ukajaa. Pakiti za dawa zikabaki mezani, pamoja na neti niliyomnunulia. Nikazipenyeza juu kabisa ya begi kubwa, asipate shida ya kuzitafuta.

Nilimwonyesha: kidonge kimoja kila siku, baada ya chakula, na aendelee hadi baada ya kurudi huku. Alirudia kila neno langu kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikampiga kofi la mgongoni.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimemsindikiza uwanjani. Alimeza cha kwanza mbele yangu, akafungua mdomo nikague. Nikamwambia, "Haya nenda. Lakini ukirudi na homa, usinitafute." Akapiga saluti ya mlinzi.

Ijumaa, 11 Desemba

Baridi imeingia, watu wamevaa masweta. Athanas amefika salama. Kwenye simu nyuma yake nasikia nyumba imejaa. Mama anasema mbu ni wengi, jambo ambalo hajaliona tangu Baba alipokuwa hai. Nilimuuliza Athanas kama analala ndani ya neti. Akasema, "Niko sawa, Sista," akampa simu shangazi.

Jumamosi, 19 Desemba

Koito. Wametuma picha. Athanas na ile suti, amepakwa siagi kichwani kama inavyotakiwa, Cherotich pembeni anatazama chini lakini anacheka, unaona kwenye mashavu. Mama amevaa viatu vile. Nilimwonyesha Kawira kila picha mara mbili. Kisha nikaenda bafuni nikalia kidogo, kwa sababu nilipaswa kuwa pale, na kwa sababu ya Baba.

Jumanne, 22 Desemba

Hospitali za milimani zimeanza kujaa. Kawira ana rafiki kule Kapsabet aliyemwambia watoto wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Mvua haikuwa ya kutisha hata, watu mitandaoni bado wanaikejeli El Nino. Joto ndilo limefanya kazi, kama Kawira alivyosema.

Tangazo letu limetoka leo kwa kliniki za hapa: mgonjwa yeyote mwenye homa aliyetoka Afrika Mashariki mwezi huu, apimwe malaria siku hiyohiyo. Nimelipigania neno "hiyohiyo". Bosi alitaka "mapema".

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula pilau ya Kawira. Nyumbani hawapatikani kwenye simu.

Jumapili, 3 Januari 2016

Amerudi. Amenitumia ujumbe kutoka uwanjani kwamba kampuni imewachukua moja kwa moja na ana zamu kesho asubuhi. Nilidhani angepita, kwa vile nyumba yetu iko karibu na uwanja hata ndege zinatupigia kelele dirishani. Nikamuuliza kama anaendelea na dawa. Amejibu kwa kidole gumba.

Alhamisi, 7 Januari

Kimya. Mwanamume amepata mke, amesahau dada. Nimemwandikia hivyohivyo. Kidole gumba tena.

Ijumaa, 8 Januari

Hakuja misani. Reuben alikuja peke yake, akasema Athanas ameshika zamu ya mtu. Alisema akitazama viatu vyake. Mimi nikaona ni aibu ya mtu anayesema uongo mdogo, nikadhani wamekesha na marafiki. Nilimpa chapati ampelekee, na maneno makali ya kumpelekea pia.

Jumapili, 10 Januari

Reuben alipiga simu nikiwa kazini. Alianza kwa kuomba msamaha, na mtu akianza simu hivyo wewe simama. Nilisimama.

Athanas alikuwa na homa tangu Jumatano. Walimpa Panadol na tangawizi. Reuben alitaka kumpeleka kliniki, Athanas akakataa: alisikia kwamba mgeni mwenye homa anadhaniwa ana homa ya ngamia, ile ya mapafu inayoambukiza, anafungiwa chumba cha peke yake, na kampuni inapewa taarifa. Halafu alimsihi Reuben asiniambie mimi. Hasa mimi. Leo asubuhi amemwita Reuben jina la Baba.

Nilichukua teksi. Sikumbuki njia ya kwenda Al Rayyan. Nakumbuka chumba, vitanda vya ghorofa, na mdogo wangu kwenye kitanda cha chini, macho ya njano, amejifunika blanketi zito huku kiyoyozi kimezimwa. Nilimshika paji la uso. Nikamwambia Reuben ashike miguu, tukamtoa.

Kwenye kliniki tuliyoingia kwanza walikuwa na tangazo langu ukutani, nyuma ya meza ya kupokelea wagonjwa. Sikulazimika kusema neno. Yule dada wa mapokezi aliuliza ametoka wapi, nikasema Kenya, akatazama ukutani, wakampima papo hapo. Walifanya kila kitu sawasawa. Malaria, imejaa damuni. Ambulensi ikampeleka hospitali kubwa.

Jumatatu, 11 Januari

Alipata fahamu asubuhi, kwa muda. Alinitambua. Nilikuwa nimejiapiza kutomuuliza, ila mdomo wangu haunisikii.

"Ulizinywa dawa?"

Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Mama alizigawa."

Akanieleza kwa vipande, nikimlowesha midomo kwa pamba. Begi lilifunguliwa siku aliyofika, sebule imejaa. Kitu cha kwanza juu ni neti na dawa. Mama akauliza ni nini, naye akasema dawa ya malaria, Jebet ameweka. Mama akalia. Akawaambia watu, mnaona, mwanangu anakumbuka kilichomuua baba yake. Akazigawa palepale, kila mama mwenye watoto akapewa za watoto wake. Neti ilifungwa kwa watoto wa nyumba ya pili.

"Ningesemaje, Sista? Kwamba ni zangu?"

Nilimwambia asingeweza kusema. Na huo ndio ukweli. Hata mimi nisingesema. Mtu aliyefika jana kutoka Uarabuni asimame mbele ya mama zake adai vidonge virudi mfukoni mwake!

"Nikaona haya kukuambia," akasema. "Ulisema nisikutafute."

Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema anajua. Alifunga macho, na mkono wake ukabaki kwenye mkono wangu.

Jumanne, 12 Januari

Mashine. Hajaamka.

Jumatano, 13 Januari

Athanas amefariki leo, adhuhuri ikiadhiniwa.

Ijumaa, 15 Januari

Watu wa parokia wamekuja, nyumba imejaa. Reuben amekaa sakafuni karibu na mlango, hataki kiti. Nilikuwa na hasira naye kwa siku hizi zote, nilizipanga hasira zangu vizuri nimwage siku nikimwona. Nimemwona, zimeisha. Ana umri wa Athanas. Alimpikia uji kila asubuhi kabla ya zamu na kumwosha. Nilimletea chai, akaishika bila kunywa.

Yule mpishi Mganda alinishika mkono akasema, "Pole, daktari." Akakatiza hapo. Nilitamani amalizie jina lote.

Jumapili, 17 Januari

Nilirudi ofisini kuomba ruhusa ya kusafiri na mwili. Nikawakuta kwenye mkutano, na ukutani kuna mchoro wa Kawira: mstari wa utabiri wetu wa malaria, na juu yake nukta, kila nukta mgonjwa mmoja aliyepatikana hapa Qatar tangu Desemba. Nukta zimepanda na mstari vizuri kabisa. Bosi alikuwa anasema kwamba hii ni mara ya kwanza utabiri wetu kufaulu namna hii, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi kabla ya kuniona mlangoni. Mikono yake ikabaki hewani.

Kawira aliniondoa, akanipeleka ngazini. Nilimuuliza ni nukta ipi. Hakutaka kusema. Nikamwambia, "Kawira, nionyeshe ndugu yangu." Tukarudi chumba kikiwa kitupu, akanionyesha. Ni ya juu kidogo ya mstari, upande wa kulia. Nilisimama pale. Hatukukosea hata kidogo. Tulijua tangu Oktoba, mahali na mwezi, na dawa tuliinunua. Nawaza kwamba mstari ule unajua mvua na joto na mbu, lakini haujui sebule ya Mama. Mimi ndiye niliyeijua sebule ile, nami ndiye niliyefunga begi.

Jumatatu, 18 Januari

Mwili unaondoka kesho, nami pamoja nao. Nilipokuwa napanga nguo Mama akapiga. Sauti yake imekauka, ni ya mtu aliyemaliza kulia kwa leo. Aliniambia kaburi litakuwa upande wa Baba, Cherotich yuko pale nyumbani na amekataa kurudi kwao, wageni ni wengi na wanalala nje hemani. Kisha akauliza, polepole, ni malaria gani hiyo iliyomuua mtoto wake.

Niliweka chini nguo niliyokuwa nakunja. Hakuningojea.

"Kwa sababu huku hatukuugua. Zile dawa alizoleta zimetusaidia sana. Watoto wa hapa kwetu wote wazima. Yeye ametoka hapa mzima, nimemsindikiza mwenyewe. Hao mbu wa huko kwenu ni wabaya, Jebet."

Doha, ambako sijaua mbu tangu nifike. Nilikaa kitandani. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, fupi, na ingemaliza jambo. Mama yangu angeibeba mpaka kaburini mwake.

"Ni wabaya, Mama," nikasema.

"Basi nunua zingine. Watu wanalala nje. Ziweke kwenye begi." Akavuta pumzi. "Na wewe ubaki na zako, usizilete zote. Usituletee msiba mwingine kutoka huko."

Nikamwambia sawa.

Kawira na mimi tumezunguka maduka ya dawa jioni yote. Nimezipanga juu kabisa ya begi kubwa, juu ya mashuka, atakapozigusa kwanza. Zangu ziko ndani ya nguo, kifuani. Cha kwanza nimekimeza mezani, Kawira akitazama, na nimefungua mdomo akague.